Siku moja stoo: mchanga, futi kamba na sentimita moja

Watu wakisikia "stoo kipa wa saiti" wanamwona mtu mwenye funguo, daftari na kiti cha plastiki. Kiti ninacho kweli, ila leo nimekikalia labda dakika ishirini. Jengo letu liko Goba, Dar es Salaam, na leo ilikuwa zamu ya kumwaga zege la slabu.

Saa 12:30 asubuhi nilishafungua stoo. Nikapanda juu na futi kamba, chapati ikiwa mkono wa pili: urefu mita 10, upana 8, kina pale ukingoni sentimita 15. Mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na kitu ya saruji, kwa hiyo nikaandaa 76. Fomeni akauliza uzito, maana mirunda, zile nguzo za mbao zinazoshikilia slabu kwa chini, ndiyo itakayoubeba. Zege ni kama kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, nikamwambia karibu tani 29. Akaguna, akaagiza mirunda mingine.

Saa 2 zikaja nondo za milimita 12 za nguzo za juu. Nondo haina shida: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, umepata kilo za mita moja. Ya mita 12 ina kilo 10.67. Karatasi ilisema tani 2, nikahesabu 187, nikasaini.

Saa 3 likaingia tipa la mchanga.

"Kyubiki saba hizo, dada. Saini niwahi tripu nyingine."

Nikapanda juu ya bodi. Mchanga umesimama katikati kama kichuguu, kwenye pembe umeshuka hadi mbao zinaonekana. Yeye anapimia kile kichuguu: sentimita 76. Nikachukua kipande cha nondo nyembamba, nikakichomeka sehemu tisa, pembe zote, kando na katikati, kila mara nakizamisha hadi kigonge bati. Wastani ukatoka 65. Bodi ndani ni mita 4.20 kwa 2.20, zidisha: kyubiki, yaani mita za ujazo, 6.

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Mara kalkuleta yangu mbovu, mara mchanga umeshindiliwa na barabara, mara "dada, wewe umesomea wapi?" Akampigia simu bosi wake, akaniwekea sikioni bila kuniuliza. Nikamwambia bosi wake apande mwenyewe apime. Tulibishana hadi saa 5 kasoro, vibarua wameegemea makoleo wanafurahia sinema. Mwisho nikaandika 6, akasaini kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Kitu kingine sikumwambia, maana hakimhusu. Mchanga wenye unyevu hujivimbisha. Nilijaza ndoo hadi sentimita 30, nikamwagia maji hadi ukazama, nikakoroga: ukalala kwenye 25. Kwa hiyo kila mfuko wa saruji, badala ya ndoo tatu na nusu za lita 20, nikawaambia wa mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, waweke nne na kidogo. Wapo waliodhani nawapendelea mafundi.

Mchana sikumbuki vizuri. Mikisa inanguruma, vumbi la saruji, mimi nachora mstari daftarini kwa kila mfuko unaotoka. Wali wa mama ntilie niliula umepoa, sijui saa ngapi.

Jua lilikuwa limeshazama nilipochora mstari wa 76. Juu bado kuna pengo kwenye kona.

Nikapanda na tochi ya simu. Nikachomeka ile ile nondo kwenye zege bichi: ukingoni 15, mbele kidogo 16, katikati 17. Mbao za chini zilikuwa na bonde tangu asubuhi, nami nilipima ukingoni peke yake. Wastani 16. Sentimita moja juu ya mita za mraba 80 ni mita ya ujazo 0.8. Mifuko mitano.

Zege halingoji. Nikamtuma kijana na guta dukani, mafundi wakakaa kimya juu ya mbao. Fundi mkuu akajifuta uso, akasema taratibu, "Mchanga wa yule jamaa uliupima sehemu tisa, dada."

Sikumjibu. Guta lilikuwa linaingia getini, nikashuka kuhesabu mifuko.