Pensheni mbili, nyumba moja: tulivyogawa michango yetu

Mimi nafanya kazi hoteli moja ya Nyali, Mombasa, mume wangu yuko kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kila mmoja ana skimu yake ya pensheni kazini, mbali na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mkopo wa nyumba ulipoisha tukabakiwa na akiba kidogo kila mwezi, na swali likawa tuiongeze kwa nani. Baba watoto aliona iende kwake, maana mshahara wake ndio mkubwa. Mimi nikataka tuangalie pesilipu kwanza.

Tukazilaza mezani pamoja na vijitabu vya masharti ya skimu. Kwake mwajiri hutoa asilimia 7 ya mshahara. Uongeze usiongeze, yeye habadilishi. Kwangu mwajiri hulipa sawa na ninachokatwa, hadi asilimia 10, nami nilikuwa nakatwa 5. Mshahara wangu ni shilingi 58,000. Nikiongeza asilimia 5, nakatwa 2,900 zaidi, na mwajiri anaweka 2,900 nyingine. Tena mchango huo hutolewa kabla ya kodi, na sehemu ya juu ya mshahara wangu hutozwa asilimia 30, kwa hivyo kodi inashuka kwa 870. Mfukoni zinatoka 2,030, kwenye pensheni zinaingia 5,800. Mume wangu alichukua simu akapiga hesabu mwenyewe, mara mbili, kisha akasema, "Basi mama watoto, tuanze na kwako."

Kuhusu kodi, tangu mwisho wa 2024 mchango unaosamehewa ulipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, ila usipite asilimia 30 ya mshahara, na NSSF inahesabiwa humo humo. Kwangu sasa nakatwa asilimia 10 ya skimu, yaani 5,800, na NSSF 3,480, jumla 9,280, wakati mpaka wangu, asilimia 30 ya mshahara, ni 17,400. Nafasi hiyo ni ya kila mtu peke yake. Mke hawezi kumwachia mumewe iliyobaki.

Kilichosalia cha ile akiba hatukukipeleka skimu ya mume wangu, ingawa kodi ingepungua. Bila nyongeza ya mwajiri, faida inabaki hiyo ya kodi tu, na pesa ya pensheni huichukui upendavyo kabla ya umri wa kustaafu. Sisi tuna karo. Pesa hiyo tukaipeleka sako, yaani chama cha akiba na mikopo, na kwa familia yenye watoto shuleni ningeshauri hivyo hivyo.

Jambo ninalowasihi wenye ndoa walifanye wiki hii ni fomu ya warithi. Ukifariki, wadhamini wanaosimamia skimu huanza kwa kutazama majina uliyoandika, na wengi wetu tuliijaza tukiwa bado hatujaoa wala kuolewa. Tulichukua fomu mpya kila mmoja kazini kwake, tukaandika mwenza na watoto kwa asilimia, na kwa mume wangu tukaongeza mama yake, kwa sababu anatutegemea. Nakala zilizopigwa muhuri tunazo.