Sahani ya sombe na chupa ya soda

Leo mchana, hapa Kadutu, mjini Bukavu, binti ya dada yangu alikataa sombe (majani ya muhogo) iliyoungwa kwa karanga, kwa sababu wenzake wa shule wamemwambia kwamba karanga na mawese ndivyo vinavyomtoa chunusi usoni.

Chupa ya soda iliyokuwa kando ya sahani aliimaliza yote.

Iliniuma sana.

Ushahidi uliopo unaelekea zaidi kwenye sukari na unga mweupe, ambavyo hupandisha haraka insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, na kuichochea ngozi itoe mafuta mengi. Maziwa nayo hutajwa, ingawa kwa uhakika mdogo. Tena homoni za ujana na urithi wa ukoo vina uzito zaidi kuliko chakula.

Ndugu zangu wa Bukavu, ninyi mmeona nini kwa vijana wenu?