Mbwa kutikisa mkia sio lazima awe amefurahi

Juzi Jumamosi alikuja fundi bomba hapa home, nikamwambia subiri kwanza nimfunge mbwa wangu Simba, akanijibu "aah bosi mwache tu, si anatikisa mkia huyo". Nikamwambia hapana fundi, baki hapohapo nje ya geti. Maana mkia kweli ulikuwa unacheza, ila ulikuwa umesimama juu umekakamaa kama antena, unatikisika kidogokidogo kwa haraka pale kwenye ncha, na mwili haujasogea hata kidogo. Mbwa mwenye furaha anatikisa mpaka kiuno jamani, anajipindapinda, mdomo wazi na ulimi nje. Simba alikuwa kafunga mdomo kabisa.

Simba ni boerboel, wale mbwa wa Afrika Kusini ambao makaburu walikuwa wanawafuga kulinda mashamba. Mara ya mwisho daktari wa mifugo alimpima akakuta kilo 63, sa mbwa wa uzito huo huna nafasi ya kumsoma baada ya kung'atwa, inabidi umsome kabla.

Mimi nilijifunza kwa mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka 5 wakati ule. Ilikuwa jioni, Simba anakula ugali wa dona na vichwa vya samaki kwenye sufuria lake, mi nimekaa barazani hatua kama sita hivi, mtoto akaenda kwa mapenzi yake tu "Simba, Simba", anataka amshike mgongo. Kilichonishtua sio kelele, ni ukimya, ile sauti ya sufuria kuburuzwa sakafuni ilikata ghafla. Simba hakuinua kichwa, kakiacha mulemule kwenye sufuria, taya zimeganda na chakula kikiwa mdomoni, jicho moja tu ndo likageuka kumfuata mtoto mpaka nikaona weupe wa pembeni kama mwezi mwandamo. Sekunde mbili, labda tatu. Sikupiga kelele wala sikukimbia, nikamwita kwa sauti ya kawaida "njoo mjomba nikupe kitu huku", akaja. Dada yangu akasema mbona hata hakunguruma, na hilo swali limenikaa kichwani mpaka leo.

Hakunguruma kwasababu sisi ndo tulimzuia. Kuna mlinzi tulikuwa naye mwanzoni, kila Simba akinguruma anapigwa fimbo eti anamletea ukali mwenye nyumba, na mimi niliona sawa nikadhani ndo adabu. Kumbe kunguruma ndo mbwa anaongea, anakwambia sogea, hapa sipapendi. Ukimpiga hujamtoa hasira wala woga, umemfundisha kunyamaza tu, alaf siku ikimzidi anaenda moja kwa moja kwenye meno na watu wanasema "alimng'ata bila sababu". Hilo kosa ni langu, sio la Simba.

Na kabla hata ya kunguruma anakuwa keshasema mengi. Anapiga miayo na wala hana usingizi, anajilamba pua wakati hakuna chakula, ukimkumbatia anageuza uso pembeni. Watoto wetu wanapenda sana kukumbatia mbwa na sisi tunapiga picha tunaweka status, hebu zirudie hizo picha uangalie macho ya mbwa. Wenye Rottweiler waliokatwa mkia ndo muwe makini zaidi, hapo umejinyima sehemu nzima ya kusoma (Ujerumani kwenyewe alikotoka Rottweiler walipiga marufuku kukata mikia mwaka 1998), kwahiyo mnabaki na mdomo, macho, na uzito kauweka wapi, kaegemea mbele kwenye vidole au kajivuta nyuma. Aliyejivuta nyuma kwa woga naye anauma, tena sana.

Ukikutana naye kaganda hivyo usikimbie, usimkazie macho, mgeuzie ubavu, mikono chini, rudi taratibu. Na akikung'ata, hata kama mwenyewe anaapa kachanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alaf uende hospitali siku hiyohiyo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Usisubiri kesho.

Saivi Simba anakula bandani, mlango umefungwa, hakuna mtu anamsogelea mpaka amalize. Fimbo hakuna tena, ni karibu miaka mitatu. Wiki iliyopita nilikuwa namsugua kichwa kama kawaida, nikashika sikio la kushoto, akakakamaa, alaf nikasikia kitu kifuani kwake, chini kabisa, grrrr. Nilitoa mkono taratibu nikakaa pembeni, nikampigia daktari. Alipokuja tukamvisha kinga ya mdomo, akachungulia, sikio lilikuwa limevimba ndani na usaha.