Jinsi nilivyotatua shida ya kunyanyua snomobili gerejini

Huku Minnesota, Marekani, snomobili, yaani ile pikipiki ya theluji, ina zaidi ya kilo 200, na kila nikitaka kukagua mkanda wa chini, ule wa raba unaozunguka na kuisukuma kwenye theluji, nilikuwa nawaita majirani tuinyanyue nyuma tuiweke kwenye magogo, inayumba yumba mpaka roho inakaa juu. Nikaamua basi, natafuta stendi ya kuinyanyulia.

Zipo za jeki na zipo za mpini mrefu, mimi nikachukua ya mpini, unaingiza ndoano chini ya bampa ya nyuma unakandamiza mpini mashine inapanda, mtu mmoja tu anatosha. Angalia uzito inaobeba, miguu iwe mipana, na pale inaposhika bampa pawe na raba. Pini ya kufungia stendi ikiwa juu usiisahau kabisa!

Mkanda ulikuwa unavutia kushoto. Nikalegeza nati ya ekseli ya nyuma, nikakaza bolti ya kurekebishia upande huohuo wa kushoto kidogo kidogo, nikauzungusha polepole mpaka ukakaa katikati, nikakaza ekseli tena. Jamani ukiwasha injini mkanda ukiwa hewani asisimame mtu nyuma, hasa watoto, kokoto au kipande cha barafu kinaweza kuruka kama risasi.

Kiangazi naiacha hapohapo juu, springi zinapumzika na mkanda haugusi sakafu yenye unyevu, nishapaka grisi, na kwenye petroli nishaweka dawa ya kuzuia isiharibike.