Siku moja maishani mwangu: napiga picha za maji, Ziwa Natron

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, Ngare Sero, kijiji cha kando ya ziwa. Chai, betri, maji ya kunywa, tunaondoka kabla joto halijaamka. Wapiga picha wengi hukimbilia mapambazuko. Mimi sikimbilii: jua likiwa chini, ziwa huakisi anga, na picha utakayopata ni ya rangi ya anga. Mimi nataka rangi ya maji yenyewe.

Saa tatu tumeshafika kwenye magadi. Kijana wa Kimaasai anayeniongoza yuko mbele. "Kaka, kanyaga nilipokanyaga." Juu ni gamba gumu kama sakafu, chini yake tope jeusi la magotini linalochoma kila penye mchubuko.

Saa nne kazi inaanza. Nafunga kamera kwenye ncha ya fito ndefu ya alumini na kuiinua, imetazama chini moja kwa moja. Anga haimo, wala mlima Ol Doinyo Lengai. Kwanza naweka kadi ya kijivu ya kupimia rangi juu ya magadi na kuipiga, ili wekundu wa maji utoke vilevile ninavyouona. Saa sita nashusha fito, maana jua liko utosini na linajiona majini: doa jeupe katikati ya picha.

Hapo simu inaita. Ni mteja wa Arusha, anataka picha za ukumbi wa hoteli.

"Kaka, huu wekundu umeutia kwa kompyuta, sivyo?"

Namweleza, jua likinichoma kisogo. Mto Ewaso Ng'iro unaleta maji kutoka Kenya, ziwa halina pa kuyatolea, yanakauka hapa hapa. Kiangazi chumvi inakolea, na vijidudu vinavyoipenda, vyenye rangi nyekundu mwilini, vinazaana. Mvua ikinyesha, wekundu unafifia.

Anakata. Anapiga tena. "Mbona hakuna heroe? Rusha droni basi."

Naanza upya. Heroe wadogo (aina ya flamingo) wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliana ziwa hili. Wakishtuliwa wanaweza kuacha mayai. Bonde hili limo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2001, na hata lisingekuwamo, nisingerusha kitu juu ya viota. Fito yangu haisumbui ndege.

Anapiga tena. Sasa anataka mlima.

Mchana sijui umeisha saa ngapi. Upepo umechafua uso wa maji, tumesubiri, umetulia, nimepiga kidogo, umeamka tena. Mabega yamekufa ganzi kwa fito. Viatu vimekakamaa kwa magadi.

Usiku namtumia picha zake, pamoja na ile yenye kadi ya kijivu, ailinganishe mwenyewe. Akishikilia mlima, nitampa namba ya mwenzangu anayepiga milima vizuri sana. Hizi za maji sizigusi rangi.