Mwili Hauna Nenosiri

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu niliitupa nilipofika sura ya tisa, na kilichonifanya niitupe ni swali moja tu. Rafiki yangu ambaye ni daktari aliisoma kwa uvumilivu nisioustahili, akafika mahali ambapo mdukuzi aliyeketi nchi ya mbali anakiingilia kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo cha mgonjwa tajiri na kumuua kwa kubonyeza kitufe, kisha akaniuliza: "Na hapo ni nani aliyeshtuka?" Sikuwa na jibu. Katika hadithi yangu hakuna aliyeshtuka, na mpelelezi wangu alikuja kuambiwa na watu wengine yote aliyopaswa kuyagundua mwenyewe. Nilikuwa nimeandika mauaji, lakini fumbo sikuwa nimeliandika.

Sisemi kwamba kifaa cha moyo hakiwezi kuingiliwa. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alieleza mwaka 2013 kwamba miaka sita kabla ya hapo daktari wake aliagiza mawasiliano yasiyotumia waya ya kifaa kilichokuwa kifuani mwake yazimwe, kwa kuhofia kwamba mtu angeweza kuyatumia kumuua. Hofu hiyo ina msingi wake. Tatizo ni kwamba moyo wa mgonjwa wa moyo ukisimama, kila mtu wodini ana maelezo ya kutosha kabla hajaanza kushuku lolote, na msomaji naye huona njia moja tu ya kuendelea, yaani kumsubiri fundi wa kompyuta aje aeleze mambo ambayo wengine hawayaelewi. Sura za namna hiyo mimi mwenyewe huziruka ninaposoma.

Baada ya kuisoma upya historia ya ajali na jinai za hospitali, nimefikia msimamo mmoja ambao sasa ndio uti wa mgongo wa rasimu ya pili: riwaya ya fumbo la kitabibu lenye uhalifu wa kompyuta husimama pale mwili wa mgonjwa unaposema jambo moja na skrini ikasema jingine, na mpelelezi wake ni yule anayeuamini mwili wakati wenzake wote wanaiamini skrini.

Kisa kilichonifundisha zaidi wala hakina mhalifu ndani yake. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwazidishia dozi wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada, na angalau watatu kati yao walikufa. Machi 1986, katika kituo cha saratani mjini Tyler, Texas, mwendeshaji mzoefu wa mashine hiyo alibonyeza herufi ya aina ya mionzi isiyokusudiwa, akaliona kosa lake papo hapo, akarudi nyuma, akalisahihisha na kuendelea kwa kasi ya mtu ambaye vidole vyake vimeizoea kazi. Mashine ikasimama na kuonyesha hitilafu namba 54. Skrini ilidai kwamba mgonjwa amepata mionzi kidogo kuliko iliyoagizwa, basi mwendeshaji akabonyeza kitufe cha kuendelea, kama alivyokwisha kufanya mara nyingi mashine hiyo ilipomsumbua kwa jumbe zisizo na maana. Ndani ya chumba, mgonjwa alikuwa amehisi kitu kama shoti ya umeme mgongoni, na alipokuwa akijaribu kuinuka akapigwa tena. Kamera na kipaza sauti cha kuwasiliana naye havikuwa vikifanya kazi siku hiyo. Alikusudiwa kupewa radi 180 (radi hapa ni kipimo cha dozi ya mionzi), na makadirio ya baadaye yalitaja kati ya 16,500 na 25,000, zote zikiwa zimeangukia eneo la takriban sentimita moja ya mraba.

Wahandisi waliichunguza mashine na hawakuona kasoro. Kampuni iliyoiunda ilishikilia kwamba haiwezi kuzidisha dozi. Ikarudishwa kazini, na wiki tatu baada ya ajali hiyo ikafanya vilevile, kwa mwendeshaji yuleyule. Hapo ndipo mwanafizikia wa kituo hicho, Fritz Hager, alipoketi na mwendeshaji mbele ya kibodi, wakarudia tena na tena kila kilichobonyezwa siku ile, mpaka namba 54 ikajitokeza kwa amri yao wenyewe. Siri ilikuwa kasi. Mashine ilihitaji kama sekunde nane kuzipanga sumaku zake, na masahihisho yaliyofanywa yote ndani ya muda huo yalionekana kwenye skrini lakini hayakupokelewa ipasavyo na programu. Aliyechapa polepole hakuweza kamwe kuliona kosa. Nimejaribu mara kadhaa kubuni dalili nzuri kuliko hiyo, yaani hitilafu inayojificha kwa wageni na kujitokeza kwa mikono ya mtu anayeijua kazi yake tu, na nimeshindwa. (Kama kuna msomaji anayedhani kazi ya mwendeshaji wa mashine haifai kwa mhusika mkuu, ajiulize ni nani mwingine angeweza kulifumbua fumbo lile.)

Tukirudi kwa wahalifu, Waswahili walishasema kikulacho ki nguoni mwako, na kumbukumbu za mahakama zinawaunga mkono. Charles Cullen, muuguzi wa Marekani aliyekamatwa Desemba 2003 na baadaye kukiri mauaji ya wagonjwa 29, hakuvunja mfumo wowote wa kompyuta. Alitumia nenosiri lake mwenyewe. Katika hospitali yake ya mwisho, dawa zilihifadhiwa katika kabati linaloendeshwa na kompyuta, ambalo hufungua droo baada ya muuguzi kuandika anachokihitaji na kwa mgonjwa gani. Cullen alikuwa akiagiza dawa na kuifuta oda mara moja, lakini droo ilifunguka hata hivyo. Alikuwa pia akifungua mafaili ya wagonjwa wasio wake. Kila kitendo kati ya hivyo kiliandikwa na mashine, kikakaa humo kimya, kwa sababu hakuna aliyekuwa akivisoma. Uzito wa maandishi hayo ulionekana pale muuguzi mwenzake, rafiki yake wa karibu, alipowekewa mbele yake na wapelelezi karatasi zilizochapwa kutoka kwenye mfumo. Mtu wa nje angeona mistari ya saa na majina ya dawa, ila yeye aliona oda ambazo muuguzi mwenye akili timamu hana sababu ya kuziagiza wala kuzifuta kwa idadi ile.

Kisa hicho kilinibadilishia mhalifu wangu. Mdukuzi wa mbali ameondoka, na nafasi yake imechukuliwa na mtu anayesalimiwa kila asubuhi, mwenye kitambulisho halali, anayejua kwamba namba moja iliyobadilishwa katika faili la mgonjwa inaweza kuua kwa mkono wa mtu mwingine asiye na hatia. Huo ndio uovu unaonitisha zaidi kuliko kitufe cha mdukuzi, kwa kuwa anayechoma sindano ni daktari mwema anayefuata maagizo aliyoyaona kwa macho yake.

Hata hivyo mwili hushuhudia, na mfano ninaoutegemea ni wa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Kongosho hutengeneza molekuli moja kubwa, kisha huikata, ikatoka insulini pamoja na kipande kiitwacho peptidi C, vyote viwili kwa kiasi sawa. Insulini ya chupa haina kipande hicho. Kwa hiyo mtu akikutwa na sukari ya chini mno, insulini nyingi na peptidi C kidogo, insulini ile haikutoka mwilini mwake, hata kama faili lake linaapa kwamba hakuchomwa sindano yoyote. Kuna sharti moja ambalo ni zawadi kwa mwandishi: damu inapaswa kuchukuliwa sukari ikiwa bado iko chini, kabla mgonjwa hajaokolewa kwa glukosi. Kwa sekunde chache muuguzi anashika bomba la damu kwa mkono mmoja na maisha ya mtu kwa mkono mwingine. Na kuna mtego zaidi, kwani baadhi ya vipimo vya maabara haviioni vizuri insulini iliyobadilishwa muundo kiwandani, hivyo majibu yanaweza kurudi yakionyesha insulini kidogo na kumwaibisha yule aliyeshuku sawasawa. Sura nzima inakaa ndani ya majibu hayo yanayopotosha.

Mhariri mmoja aliniuliza kama dhana ya skrini inayosema uongo haijapitiliza. Nilimjibu kwa utafiti wa mwaka 2019, ambapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, waliunda programu inayoingilia picha za CT za mapafu, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, na kuongeza au kuondoa uvimbe wa saratani. Wataalamu watatu wa mionzi walipozisoma bila kujua, waliona saratani katika asilimia 99 ya picha zilizopachikwa uvimbe wa uongo, na katika asilimia 94 ya zile zilizofutwa uvimbe wa kweli walimwona mgonjwa kuwa mzima. Walipoonywa kwamba baadhi ya picha zimechezewa, bado walidanganywa mara nyingi. Sikuuingiza uvumbuzi huo katika riwaya, kwa kuwa ni mzuri mno na ungemfanya mhalifu wangu awe mchawi.

Kuhusu programu zinazofunga mafaili na kudai fidia nina machache ya kusema, kwa sababu ni mada iliyochoshwa na waandishi. Ila kisa cha Düsseldorf, Ujerumani, kinafaa kufikiriwa. Septemba 2020 seva za hospitali ya chuo kikuu ya mji huo zilifungwa na wahalifu, gari la wagonjwa likalazimika kumpeleka mwanamke mmoja Wuppertal, umbali wa kilomita 30 hivi, naye akafa. Barua ya wahalifu ilikuwa imeelekezwa kwa chuo kikuu, na polisi walipowajulisha kwamba wameifunga hospitali, waliutoa ufunguo bila malipo. Waendesha mashtaka walichunguza kama hicho ni kifo kilichosababishwa na shambulio, na mwishowe hawakuweza kuthibitisha, kwani hali ya mgonjwa ilikuwa mbaya kiasi kwamba huenda angekufa hata angepokelewa kwa wakati. Riwaya nyingi hufunga kwa pingu. Yangu nataka ifike kwenye meza ile ya mwendesha mashtaka, ambapo kila mtu anamjua aliyetenda na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba kitendo ndicho kilichoua.

Rasimu ya pili ina mtaalamu wa maabara kama mpelelezi. Hajui kuandika programu, na nimekataa kumpa mpwa mwerevu wa kumsaidia. Anachokijua ni sampuli, vifuniko vya rangi, na saa. Kilichomtia shaka ni jambo dogo: saa ya pampu ya dripu iko nyuma ya saa ya mfumo kwa dakika kumi na moja, jambo la kawaida kwa vifaa ambavyo hakuna aliyevilinganisha kwa miezi mingi. Mhalifu aliyasahihisha maandishi yote ya mfumo ili yaonyeshe kwamba alikuwa nyumbani, lakini pampu aliisahau, na alipoikumbuka aliirekebisha kumbukumbu yake kwa kutumia saa sahihi, hivyo maandishi aliyoyagusa hayako nyuma kwa dakika kumi na moja kama mengine.

Rafiki yangu daktari ameshasoma sura hiyo. Safari hii aliuliza pampu hiyo ni ya aina gani, kisha akaomba sura inayofuata, ambayo sijaiandika.