Mama kwenye kuta za Granada

Kwetu Tanga mzunguko wa barabarani unaitwa kipilefti, yaani "keep left", shika kushoto. Jina hilo likishakukaa kichwani, Hispania utaiona chungu, maana kule magari yanashika kulia. Tumetoka uwanja wa ndege wa Sevilla na gari la kukodi, mke wangu kashika ramani kwenye simu, na nyuma, katikati ya wajukuu, mama yangu anapiga kelele: "Kulia, baba, kulia!" Hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini safari nzima dereva alikuwa yeye.

Sevilla tulipanda Giralda, uliokuwa mnara wa msikiti kabla ya kutiwa kengele. Ndani unapanda mteremko unaozunguka, ngazi ni chache tu kule mwishoni. Mama na magoti yake yale alifika juu kabla ya mke wangu, na hilo limeshasimuliwa kwa simu kwa ukoo mzima.

Córdoba ni kama kilomita 140 kutoka hapo. Msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 785, mji ukatekwa na Wakristo mwaka 1236, msikiti ukafanywa kanisa, na karne ya 16 wakapachika kanisa jingine refu katikati ya nguzo. Unapita chini ya matao ya mistari myekundu na myeupe, mara unajikuta mbele ya altare. Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Mama alisimama mbele ya mihrabu, mikono ndani ya kanga, midomo ikicheza. Mlinzi akamtazama. Naye akamtazama mlinzi. Sikumuuliza alikuwa anasoma nini.

Njia ya Granada ni mizeituni tu, mistari kwa mistari hadi milimani, kama mkonge wa kwetu ukitoka Muheza. Tulisimama kituo cha mafuta kunywa kahawa. Mama akamwambia mhudumu, kwa Kiswahili chake cha kila siku, "Sukari." Akaletewa. Wao wanaiita azúcar. Nilipomwambia kwamba meya wao, alcalde, jina lake limetoka kwenye "kadhi", akasema, "Basi wangeniuliza mimi."

Alhambra, ngome ya wafalme wa Kiislamu wa zamani huko Granada, tiketi ina saa yake ya kuingia majumba ya wafalme, na mimi nikapotea nikaingia mtaa wa magari ya wakazi tu. (Barua ya faini imeshatufuata nyumbani Leicester, Uingereza.) Tuliwahi kwa dakika chache, tunahema.

Ndani, mama akasimama. Ukuta mzima, kwa chokaa iliyochongwa, maneno yaleyale yanajirudia: *Wa la ghaliba illa Allah*. Akayasoma kwa sauti, kidole hewani, kama alivyofundishwa chuoni akiwa mtoto, kisha akawatafsiria wajukuu: hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Watalii wawili wakasogea, kisha watano, wakidhani ndiye kiongozi wa msafara. Hakuwafukuza. Akahamia ukuta wa pili, nao wakamfuata.

Binti yangu alikuwa anahesabu maneno hayo yameandikwa mara ngapi. Alipofika 112 akasema ana kiu.